Kila Mtoto na Ubao Wake: Utangulizi wa Elimu Jumuishi, kutoka Waberi

Ukipita Waberi, mjini Garissa, alfajiri kabla jua halijapata nguvu ya kuchoma mabati, utaisikia duksi, yaani chuo cha Kurani, kabla hujaiona. Sauti za watoto hupanda na kushuka, kila moja kwa mwendo wake, mpaka mgeni akadhani ni fujo. Chungulia ndani. Kila mtoto amepakata ubao wake wa mti, ambao Wasomali huuita loox, na maandishi ya ubao huu si maandishi ya ubao ule. Huyu bado yuko kwenye alifu na irabu zake. Jirani yake, mdogo kwa umri, ameshaingia sura fupi za Juzuu Amma. Yule mkubwa pale pembeni anaosha wino wa masizi apate kuandikiwa aya mpya. Mwalimu, yaani macallin, hana haja ya kuuliza darasa limefika wapi. Humwita mtoto mmoja mmoja na kumsikiliza alipofika.

Jua likipanda, baadhi ya watoto wale wale huvuka njia ya mchanga kwenda chekechea na shule ya msingi. Huko ubao ni mmoja, mkubwa, umekaa ukutani, na ukurasa ni mmoja kwa wote. Anayeuona ubao ule vizuri, anayemsikia mwalimu vizuri, anayeweza kutulia kitini nusu saa, huyo ndiye mwanafunzi. Asiyeweza hutafutiwa jina.

Baina ya mbao hizo mbili, wa kupakata na wa ukutani, ndipo ilipo taaluma ninayokukaribisha, msomaji: elimu jumuishi, hasa kwa watoto wenye ulemavu walio katika umri wa chekechea na shule ya msingi. Vitabu vingi vya taaluma hii huanzia Salamanca, Uhispania, mwaka 1994. Nasi tutafika Salamanca. Lakini kwa Kisomali waaberi ni alfajiri, na mwanafunzi wa Garissa, Wajir au Mandera ana haki ya kuanzia alfajiri ya kwao.

Kutengwa, kutengewa, kuchanganywa, kujumuishwa

Kiswahili kimetupa vitenzi vinne vinavyotosha kuwa ngazi ya somo zima.

Mtoto aliyetengwa hana shule. Amebaki nyumbani na bibi, wenzake wakiondoka na mikoba yao. Aliyetengewa anayo shule ya aina yake: ya viziwi, ya wasioona, ya wenye ulemavu wa akili, mara nyingi ya bweni na mara nyingi mbali. Aliyechanganywa ameandikishwa katika shule ya mtaani kwao, ila hakuna kilichobadilika. Kizingiti ni kile kile, mwalimu anaongea huku amelipa darasa mgongo, na mtoto kiziwi kwenye safu ya nyuma ananakili maumbo asiyoyaelewa. Ripoti ya mwisho wa muhula itamhesabu kuwa yumo, naye hayumo. Aliyejumuishwa ni yule ambaye shule imebadilika ili apate nafasi: namna ya kufundisha, lugha, viti, choo, mtihani, hata ratiba.

Kenya ina ngazi zote nne kwa wakati mmoja, na mtoto mmoja anaweza kuzipitia zote kabla hajafika Gredi ya Tatu. Kwa hiyo mtafiti akiambiwa kwamba shule fulani "ina watoto wenye ulemavu kumi na wawili", kazi yake ndiyo kwanza imeanza. Atauliza: wako kwenye ngazi ipi?

Chini ya ngazi hii kuna mitazamo mitatu ya ulemavu, na ni vizuri uijue mapema kwa sababu utakutana nayo hata pale isipotajwa. Mtazamo wa kitiba huona tatizo mwilini mwa mtoto: mguu, sikio, ubongo. Mtazamo wa kijamii ulitoka kwa watu wenye ulemavu wenyewe. Nchini Uingereza, mwaka 1976, umoja wao ulioitwa UPIAS ulitangaza kwamba linalowalemaza watu ni jamii, na mwaka 1983 msomi Mike Oliver akaupa mtazamo huo jina linalotumika hadi leo. Mfano wake huhitaji kuutafuta mbali. Sukuma kiti cha magurudumu katika mchanga wa Waberi hatua ishirini, kisha jiulize kama kilichomzuia mtoto kufika darasani ni miguu yake au ni njia. Mtazamo wa tatu, ambao vitabu vya Ulaya huupitia haraka lakini hapa kwetu una nguvu sana, ni wa sadaka. Mtoto mwenye ulemavu ni mlango wa thawabu: hupewa chakula, nguo, zaka. Huo ni moyo mwema, na familia nyingi zimeishi kwa moyo huo. Ila anayepokea sadaka hatarajiwi kufanya mtihani. Kumwona kama mwanafunzi, mwenye wajibu wa kujifunza na haki ya kukosea, kunadai jambo jingine.

Usichague mtazamo mmoja na kuufanya dini. Msomi Tom Shakespeare, ambaye mwenyewe ana ulemavu, aliandika mwaka 2006 kuwakumbusha wenzake kwamba maumivu ya mwili ni ya kweli, na kwamba si kila kizuizi huondoka kwa kujenga njia. Mtoto mwenye kifafa anahitaji dawa na pia mwalimu asiyemwogopa. Anavihitaji vyote viwili siku moja.

Maneno tunayowaitia

Taaluma hii huanza kujifunzwa kwa masikio. Sikiliza Kiswahili: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Yote yako katika umbo la ki-vi, ngeli ya kiti na kikombe, ijapokuwa kitenzi husema "kiziwi anakuja" kama kwa mtu mwingine yeyote. Wapo wanaoona dharau katika kiambishi hicho. Wengine hucheka na kukumbusha kwamba kijana na kiongozi wamo humo humo. Miongo ya karibuni tumehamia "mlemavu", kisha "mtu mwenye ulemavu", ili utu utangulie hali. Ni hatua njema, mradi tusidhani kwamba kubadili jina kumebadili darasa. Yapo pia maneno yanayochanganya: "mtindio wa ubongo" wengine hulitumia kwa mtoto ambaye misuli yake haimtii ingawa akili yake ni timamu, na wengine kwa mtoto mwenye ulemavu wa akili. Mwalimu asiyeijua tofauti hiyo atamwimbia nyimbo za kitoto mwanafunzi anayesubiri kuulizwa hesabu.

Sasa sikiliza Kisomali. Wasomali wana desturi ya naanays, majina ya utani yanayotaja sifa ya mwili bila kificho. Anayechechemea ataitwa Laangare, asiyesikia ataitwa Dhagoole, na huenda akawa mzee anayeheshimika katika ukoo na jina lile lile mpaka kaburini. Mgeni aliyefundishwa adabu za semina atashtuka. Mwenyeji atamjibu kwamba mtu aliyepewa jina hadharani hajafichwa. Wote wawili wana sehemu ya ukweli, maana mtoto wa chekechea hana uzito wa mzee, na jina ambalo mzee analibeba kama kilemba linaweza kumwelemea mtoto kama jiwe. Kabla hujaandika kwamba jamii fulani "ina unyanyapaa", kaa nayo usikie nani anamwita nani, wapi, na kwa sauti gani.

Walioachwa nje ya hesabu

Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilitumia maswali sita ya Kundi la Washington, kundi la kimataifa la takwimu za ulemavu: kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka au kuwa makini, kujihudumia, na kuwasiliana. Matokeo yalisema asilimia 2.2 ya Wakenya wana ulemavu. Kaunti ya Embu iliongoza kwa asilimia 4.4. Mkiani kabisa ilikuwa Wajir, kwa asilimia 0.6.

Yasome matokeo hayo polepole. Je, Kaskazini Mashariki, yaani Garissa, Wajir na Mandera, ndiko kwenye afya kuliko kote nchini? Uchambuzi wa sensa ya 2009 ulikadiria kwamba Mandera walikufa akina mama 3,795 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, kiwango cha juu kabisa Kenya wakati huo. Uzazi unaomuua mama ndio huo huo ambao, mama akipona, humwacha mtoto aliyekosa hewa akiwa na ubongo ulioumia. Virusi vya polio, ambavyo Kenya haikuwa imeviona tangu 1984, vilirudi mwaka 2006 kupitia Garissa, na mwaka 2013 vikazuka tena katika kambi za wakimbizi za Dadaab, nchi ikahesabu wagonjwa 14. Ni vigumu kuamini kwamba eneo lenye historia hiyo lina watoto wachache wenye ulemavu kuliko Embu. Wachache ni walioandikwa.

Jambo la pili halionekani haraka. Maswali yale ya sensa yaliulizwa kuhusu watu wa miaka mitano na kuendelea. Mtoto wa Kenya huingia PP1, darasa la kwanza la chekechea, akiwa na miaka minne. Basi mtoto ambaye taaluma yetu inamngojea mlangoni mwa chekechea hakuwemo katika hesabu hata kwa bahati. Pengo hilo lilijulikana mapema: tayari mwaka 2016 Kundi la Washington na UNICEF walikuwa wametoa maswali mengine, mahususi kwa watoto wa kati ya miaka 2 na 17. Na utafiti wa kitaifa uliotolewa mwaka 2018 na KISE, taasisi ya Kenya ya elimu maalum, ukiwatafuta watoto wenyewe, ulipata zaidi ya asilimia 11. Kutoka mbili hadi kumi na moja si watoto walioongezeka. Ni swali lililobadilika.

Maelezo rahisi utakayopewa ni kwamba wazazi wanawaficha. Yapokee kwa tahadhari. Mwaka 1991 mwanaanthropolojia Benedicte Ingstad, baada ya kuishi na familia za Botswana, aliandika kwamba "mlemavu aliyefichwa" kwa sehemu kubwa ni hekaya ya wataalamu: alichokiona yeye ni wazazi waliolemewa, wakigawa nguvu kidogo walizo nazo. Fikiria familia ya wafugaji katika ukame mrefu wa 2020 hadi 2023. Ngamia amebeba nyumba nzima, wanaenda kutafuta maji, na mtoto asiyeweza kutembea anaachwa mjini kwa ayeeyo, yaani bibi yake. Karani wa sensa akimkuta ndani ya nyumba, ataandika amefichwa. Bibi angesema amehifadhiwa. Mtafiti makini ataviuliza vyote viwili: nani amemweka ndani, na nje palikuwa na nini cha kumngojea?

Nani anastahili kufundishwa

Historia ya elimu maalum nchini Kenya ilifuata nyayo za misheni. Shule ya wasioona ya Thika ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Shule za viziwi za Mumias na Nyang'oma zilifunguliwa 1961. Eneo la Kaskazini, lililotawaliwa kama wilaya iliyofungwa, misheni hazikupenya sana, na shule za aina yoyote, ukiacha duksi, zilichelewa. Baada ya uhuru, kamati ya Ngala Mwendwa ya 1964 ikaitazama hali ya watu wenye ulemavu nchini. Mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark, vikaanzishwa vituo vya upimaji wa kielimu ambavyo walimu huviita EARC, na mwaka 1986 ikazaliwa KISE ya kufundisha walimu. Elimu ya msingi bila malipo, Januari 2003, ikafungua mlango kwa watoto wengi ambao ada ndiyo iliyokuwa kizingiti chao cha kwanza.

Huo ndio mfululizo wa miaka, na utauona katika kila kitabu. Mimi nataka uione mantiki inayopita chini yake. Waraka wa Bunge Namba 10 wa 1965, uliopanga uchumi wa Kenya huru, ulielekeza fedha za maendeleo kule ambako zingeleta faida kubwa haraka: ardhi yenye rutuba, watu walio tayari. Garissa haikuwa na rutuba hiyo, ikangoja. Miaka 38 baadaye, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2003 ilikataza shule kumkataa mwanafunzi kwa sababu ya ulemavu peke yake, ila ikaongeza sharti: awe na uwezo wa kunufaika na masomo hayo. Weka waraka na sheria pamoja. Vyote viwili vinamwambia anayengoja: thibitisha kwanza kwamba utaleta faida. Watu wa Kaskazini Mashariki, walioishi upande wa pili wa hukumu hiyo kwa vizazi viwili, wana sababu ya kuielewa elimu jumuishi kuliko wengi wanaoifundisha. Sheria ya 2003 sasa imeachia nafasi sheria mpya ya 2025. Isome kwa jicho hilo hilo, ukitafuta ni nani anayetakiwa kuthibitisha nini.

Waislamu wanalo somo la zamani zaidi kuhusu mantiki hiyo. Sura ya themanini ya Kurani, Abasa, inahusishwa na Abdullah ibn Umm Maktum, kipofu aliyekuja kwa Mtume (s.a.w.) akiomba kufundishwa wakati Mtume alipokuwa akizungumza na wakuu wa Kikureshi, watu ambao kuongoka kwao kungeleta manufaa makubwa. Mtume akakunja uso, na aya zikashuka kumkumbusha juu ya yule aliyekuja kwa hamu. Baadaye Ibn Umm Maktum akawa mwadhini, na Mtume aliposafiri alimwachia usimamizi wa Madina. Kila macallin wa Waberi anaijua sura hii. Wanafunzi wake huihifadhi wakiwa wadogo. Mtafiti anayefika na miongozo kutoka Geneva bila kujua kwamba hoja yake kuu inasomwa kila alfajiri katika duksi atakuwa amekuja na maji mtoni.

Salamanca, basi, ilisema nini? Mwezi Juni 1994 wajumbe wa serikali 92 na mashirika 25 walikubaliana kwamba shule ya kawaida impokee kila mtoto, na kwamba shule ndiyo ijirekebishe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 wa haki za watu wenye ulemavu ukaifanya ahadi hiyo kuwa haki katika kifungu cha 24. Kenya iliuridhia 2008. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, ikawapa watu wenye ulemavu haki ya kufika katika taasisi za elimu zilizounganishwa na jamii, kwa kadiri inavyolingana na maslahi yao. Katiba hiyo hiyo ikakata elimu vipande viwili: chekechea kwa serikali ya kaunti, shule ya msingi kwa serikali ya taifa. Kwa mtoto wa kawaida mpaka huo hauonekani. Kwa mtoto aliyezoea mwalimu aliyemwelewa katika PP2, kuingia Gredi ya Kwanza ni kuvuka kutoka serikali moja hadi nyingine, na mara nyingi hakuna anayembebea mzigo wake hadi ng'ambo.

Mijadala ambayo haijaisha

Nakukaribisha katika taaluma yenye ubishi, na nitakutajia ubishi wa aina tatu.

Wa kwanza ni wa lugha. Mtoto wa Waberi huamka katika Kisomali, husoma Kiarabu duksi, hukutana na Kiswahili dukani na shuleni, na atafanyiwa mitihani kwa Kiingereza. Sera ya Kenya tangu miaka ya 1970 husema madarasa ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya eneo, lakini sera na mdomo wa mwalimu ni vitu viwili. Sasa mpeleke mtoto huyo kupimwa kwa lugha yake ya tatu. Akinyamaza, je, ameshindwa kufikiri au ameshindwa kutafsiri? Wako watoto waliobebeshwa jina la ulemavu ambao tatizo lao ni lugha ya kipimo, na wako ambao ulemavu wao ulipuuzwa kwa miaka kwa kudhaniwa ni ugeni wa lugha. Duksi iliutatua ugumu wa aina hii zamani: Wasomali humnasibishia Sheikh Yusuf al-Kawneyn ufundi wa kutaja irabu za Kiarabu kwa maneno ya Kisomali, ili mtoto aingie katika lugha ngeni kupitia lugha ya mama yake.

Kwa mtoto kiziwi ubishi huu ni mkali zaidi. Lugha ya Ishara ya Kenya imetajwa katika Katiba, hata Bungeni ni lugha rasmi. Lakini mtoto kiziwi akiwa peke yake katika darasa la watoto hamsini wanaosikia, anajumuishwa na nani? Viziwi wengi duniani husema kwamba shule yao ni kijiji cha lugha yao, na kwamba kuivunja kwa jina la ujumuishi ni kuwatenga upya. Sina jibu la mkato. Najua tu kwamba anayelijibu swali hili bila kujua ishara hata kumi amelijibu mapema mno.

Ubishi wa pili ni wa bweni, kitengo na shule ya mtaa. Wataalamu wengi huliona bweni kama utengano. Katika nchi ya wafugaji, ambako watoto wasio na ulemavu pia hulala bweni ili familia zihame na mifugo, hukumu hiyo haisimami vizuri. Kitengo maalum ndani ya shule ya kawaida kina ubishi wake: watoto wa kitengo wanaweza kuwa katika uwanja mmoja na wenzao wakala saa tofauti na kucheza kona tofauti. Tazama pia majirani. Dar es Salaam, Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko inawasomesha watoto wenye ulemavu, wakiwemo wasioona, pamoja na wengine, na jina lake limebeba sera nzima. Zanzibar, chama cha ZAPDD cha watu wenye ulemavu wa akili kilishirikiana na Wizara ya Elimu kufungua milango ya shule za kawaida, kwa hiyo wazazi na watoto wenyewe walikuwa na sauti tangu mwanzo.

Ubishi wa tatu ni wa walimu. Utasikia kwamba mafunzo hayatoshi, na ni kweli. Lakini Garissa ina sura ya ziada. Baada ya shambulio la basi la Mandera la Novemba 2014, ambalo lilichukua maisha ya walimu waliokuwa wakienda likizo, na shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la tarehe 2 Aprili 2015 lililoua watu 148, walimu wengi wasio wenyeji waliondoka. Mwaka 2020, baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, katika kaunti ya Garissa, wimbi jingine likafuata. Mwalimu wa elimu maalum ni adimu hata Nairobi. Akiondoka Garissa, humwacha mtoto aliyekuwa ameanza kuelewa alama za mikono yake. Kwa hiyo hapa swali la nani atafunzwa lina uzito kuliko swali la atafunzwa nini. Msichana wa mtaa huu anayesomea ualimu papa hapa Garissa atabaki.

Sifa nilizoipa duksi haziifanyi kuwa pepo. Fimbo ipo humo, tena si kidogo. Njia yake ni ya sikio na ulimi, kwa hiyo mtoto asiyeona hustawi na huweza kuihifadhi Kurani yote, wakati kiziwi hukaa mbele ya ubao ambao sauti yake haimfikii. Mtoto mwenye usonji anaweza kuumizwa na kelele zile zile zinazowachangamsha wenzake. Ninachokiazima duksini ni kimoja tu: kwamba umri si darasa, na ukurasa wa jirani yako si kipimo chako. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika 2019, una njia ya kupanda kwa hatua badala ya miaka kwa baadhi ya wanafunzi wenye ulemavu. Macallin angeuona akasema, hata sisi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Chekechea yenyewe ina deni ambalo hukumbukwa kwa nadra. Maria Montessori, kabla ya kufungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907, alifundisha watoto ambao hospitali na shule ziliwaita wasiofundishika. Kwao ndiko alikojifunzia herufi za kupapasa, silinda za kupanga, kazi ya kila mtoto kwa mkono wake. Vifaa hivyo baadaye vilisambaa duniani kwa watoto wa matajiri na wa maskini. Mtoto wa Waberi anayechora herufi kwa kidole mchangani anatumia mbinu iliyo ndugu ya ile iliyokomazwa na watoto ambao shule iliwafungia mlango. Mgeni alikuja, mwenyeji akapona.

Sasa uingie kwa njia gani? Wengine huingia kwa sheria, wengine kwa tiba, wengine kwa takwimu. Ukitaka ushauri wangu, anza na orodha ya darasa moja la PP1. Inakili. Kisha tembea mtaa unaoizunguka shule, nyumba kwa nyumba, pamoja na mwanamke anayejulikana pale, na uwatafute watoto wa miaka minne ambao majina yao hayamo. Usiende na fomu mkononi siku ya kwanza. Ukaribishwe chai, unywe. Utaonyeshwa mtoto, pengine mwishoni kabisa, wakati umeshaaga.

Hapo usimwulize mama mtoto ana nini. Ameulizwa hivyo hospitali, kituoni, na hata msibani. Mwulize kama macallin: amefika wapi? Atakwambia kwamba anazitambua hatua za baba yake, kwamba anajua mbuzi yupi ni wa kwao, kwamba jana alishika kikombe mwenyewe. Andika yote. Umeshaandika ukurasa wa kwanza wa ubao wake, na shule itakayompokea ianzie hapo.